Siku Vitamini Ziliponiwasha Ukweni

Chunusi za kijana wa sekondari zina udhuru wake. Za mtu mzima mwenye kitambulisho cha mpiga kura na mkopo wa vikoba ni uonevu mtupu. Mimi zilinizidi nikiwa nimeshavuka umri ambao mama aliniapia kwamba zingeisha zenyewe. Zilianzia kidevuni, zikapanda mashavuni, na mwaka 2016, nchi nzima ikiimba habari ya kutumbua majipu, mimi nilikuwa natumbua ya kwangu kila asubuhi mbele ya kioo cha bafuni huko Temeke. Kila nililolitumbua liliniachia baka jeusi, nadhani kwa kulipiza kisasi.

Ofisini kwetu kila mtu ni daktari. Mhasibu aliniambia nipake liwa. Mlinzi akanishauri dawa ya meno. Dada wa mapokezi akaniangalia kwa huruma, akasema, "Kaka, acha karanga," nami karanga nilikuwa sijala tangu Sikukuu. Aliyenikamata hasa ni jamaa wa stoo, mwenye uso laini mpaka unakasirisha. Alinivuta pembeni akaninong'oneza: "Chunusi ni upungufu wa vitamini. Ngozi yako ina njaa."

Hiyo kauli niliipenda papo hapo. Mtu akikwambia ngozi yako chafu, unaona aibu. Akikwambia ina njaa, unaionea huruma, unakwenda kuinunulia chakula.

Nikaanza na multivitamini za dukani. Kesho yake nikaenda msalani, nikakuta mkojo umekuwa wa njano inayowaka kama jezi ya Yanga, na mimi ni Simba damu. Nilijua ini limekwisha. Nikakimbilia zahanati, nesi akasikiliza, akaomba aone kile kikopo, akacheka mpaka akaegemea mlango. "Hiyo ni vitamini B2. Mwili umechukua unachotaka, kilichobaki umekimwaga. Unakojoa hela yako, kaka."

Nikahamia mafuta ya ini la samaki. Uso haukubadilika, ila nilianza kucheua samaki kwenye daladala la Mbagala, na siku moja mama mmoja aliyebanwa karibu yangu akauliza kwa sauti ya gari zima nani kapanda na ndoo kutoka Feri. Nikageuka na mimi nikawa namtafuta huyo mtu. Zinki nayo niliimeza bila kula, nikatoka kwenye kikao cha wiki mbio, mkono mdomoni, bosi akiwa katikati ya neno "ufanisi."

Kisha B kompleksi, zile zenye B12 ya kutosha mtaa mzima. Hapo ndipo chunusi zilipoitana. Jamaa wa stoo akafurahi: "Umeona? Uchafu unatoka!" Hoja ya namna hiyo haina wa kuipinga. Zikipungua, dawa imefanya kazi. Zikiongezeka, dawa inafanya kazi. Na kumbe B12 kwa baadhi ya watu huchochea chunusi kweli. Watafiti wa California walichapisha mwaka 2015 kwamba vitamini hiyo hubadilisha mwenendo wa bakteria wanaoishi kwenye vinyweleo vya ngozi, wakaanza kutengeneza vitu vya kuwasha uvimbe. Mwaka mzima kabla yangu! Habari ilikuwepo, ila haikufika stoo.

Ndipo likaja kopo la Maskati. Binamu yangu alirudi likizo na masanduku, akaniuliza nataka zawadi gani, nami nikawa nimeshaambiwa na daktari wangu wa stoo kwamba B3 ndiyo baba lao kwa mambo ya ngozi. Kopo lilikuwa zito, jeupe, limeandikwa *Niacin 500 mg*. Nikaliweka kabatini kwa heshima, nikilisubirisha siku kubwa.

Siku kubwa ikawa ya kwenda kujitambulisha ukweni, Tanga.

Msafara wetu ulikuwa Baba Mdogo, ambaye ndiye msemaji wa ukoo katika mambo ya posa, shangazi, rafiki yangu mmoja wa kubeba mizigo, na mimi. Tulipanda basi Ubungo, tukapita Chalinze, Segera, Muheza tukanunua machungwa, jioni tukafikia gesti moja pale Ngamiani. Usiku ule ule, bila hodi, chunusi moja ikaota katikati ya pua. Si pembeni. Katikati, imepimwa.

Asubuhi Baba Mdogo akatoa amri: hakuna mtu kula. "Ukweni watatuandalia. Mtu akishiba gesti akaenda kudonoa chakula cha watu, ni matusi." Nikavaa kanzu ya kuazima, nikajitazama kwenye kioo, pua ikanitazama. Nikalitoa kopo la Maskati. Lebo ilisema kimoja. Nikafikiri: kimoja ni cha mtu wa kawaida, asiyekwenda kuonwa na wakwe. Nikameza viwili kwa maji ya uvuguvugu, kopo nikalitia mfukoni, tukatoka.

Nyumba ilikuwa karibu. Tukapiga hodi, tukakaribishwa, shikamoo zikamwagika, marahaba zikarudi. Sebule imetandikwa mikeka mipya, wazee wa kiume upande ule, akina mama nyuma ya pazia wakichungulia kwa zamu. Kwenye kiti pekee alikaa bibi wa mchumba wangu, khanga mbili, kidubwana cha ugoro mkononi, na feni ya mezani imeelekezwa kwake peke yake. Mimi nikakalishwa mkabala naye, miguu nimekunja, macho chini, mkwe wa kupigiwa mfano.

Baba Mdogo akasafisha koo. "Wazee wetu, sisi ni wapita njia. Tulipokuwa tunapita, tukaona ua limechanua katika bustani yenu..."

Masikio yangu yakaanza kupata joto.

Nikasema ni Tanga, joto la bahari. Lakini joto la bahari huja kwa mwili wote. Hili lilikuwa linatembea. Lilitoka masikioni likashuka shingoni, likapita chini ya kola ya kanzu likaenda kifuani, na nyuma yake likifuatana na muwasho. Si muwasho wa mbu. Ni muwasho wa mtu aliyevuliwa ngozi, ikapitishwa kwenye upupu, akavishwa tena. Nikatazama mikono: mimi ni maji ya kunde, na ile mikono ilikuwa imeiva, ina mabaka mekundu yanayoungana huku nayaona. Rangi ya klabu yangu kabisa, lakini sikushangilia.

"Kijana wetu huyu," Baba Mdogo akaendelea, mkono akiuelekeza kwangu bila kunitazama, "ni mtulivu. Hana papara. Mkimkalisha hapa leo, kesho mtamkuta hapa hapa."

Nikahama tako la kulia kwenda la kushoto. Nikarudi. Ukweni hakujikunwi, hilo nililijua tangu mdogo. Nikajaribu kujikuna kwa ndani, kwa kukaza misuli. Haisaidii, msijisumbue.

"Wala hana ugonjwa wowote wa kuficha."

Hapo pazia likatulia kabisa. Mzee mmoja akavua miwani, akaifuta, akaivaa upya. Shangazi yangu, ambaye ndiye alikuwa wa kwanza kuniona usoni, akaanza kusoma kitu polepole midomo ikicheza.

Baba mkwe, mstaafu wa bandari, mzee mpole wa maneno machache, akanitazama muda mrefu, kisha akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Kijana ana haya," akasema. "Siku hizi hawapo. Tazameni, anatajwa tu, anaiva."

Wazee wote wakaguna kwa sifa. Naapa kama dawa ingeishia pale ningetoka na mke kwa nusu ya mahari. Baba Mdogo, mtu wa fursa, akaidaka: "Ndivyo tulivyomlea!"

Mama mkwe akaona kijana aliyejaa haya kiasi kile anahitaji kutiwa moyo, akaniletea kikombe cha chai ya rangi, tangawizi imekolea mpaka inakohoza, na moto wa kutoka jikoni moja kwa moja. Nikainywa, maana kukataa ni matusi. Sasa jamani, kitu cha moto na cha ukali juu ya niasini ni kuongeza mafuta ya taa kwenye moto. Dakika chache tu, macho yakaanza kutoa machozi, kichwa kikawa kinadunda, nikajisikia nafuka. Mikono ikakataa adabu. Ikapanda yenyewe, mmoja shingoni, mmoja ukaingia kanzuni, nikajikuna mbele ya wakwe zangu wote, kwa sauti.

"Huyu hana haya," bibi akasema. "Huyu ana jini."

Zogo likaanza. Mmoja akasema ni pweza, wapo watu hawapatani na pweza. Akakumbushwa kwamba pweza bado yuko jikoni. Mwingine akasema huenda ni husuda ya njiani. Chetezo kikaletwa, kina makaa mazima na ubani, kikawekwa magotini pangu, yaani moto wa tatu, nikiwa tayari nina miwili. Bibi akanyanyuka kwenye kiti chake, akavua khanga ya juu, akaichovya kwenye ndoo ya maji, akanitupia kichwani. Ile khanga niliipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kupewa. Jina lake lilikuwa limeangukia usawa wa macho yangu, nikalisoma huku maji yananichuruzika puani: *Mdhaniaye ndiye kumbe siye.*

Aliyeniokoa ni shemeji, kaka yake mchumba wangu, tabibu wa zahanati upande wa Pangani. Alikuwa amechelewa. Akaingia, akanikuta chini ya khanga nafukizwa, akachuchumaa, akashika mapigo ya moyo, akaniuliza taratibu:

"Shemeji, umemeza nini?"

Nikalitoa kopo. Akasoma lebo. Akauliza vingapi. Nikamwonyesha vidole viwili, nikitarajia siri ya wanaume. Shemeji yangu huyo ana kila sifa njema isipokuwa hiyo. Akasimama akawahutubia wazee.

"Hana jini. Hana mzio. Amekunywa vitamini B3. Mwanamume mzima anahitaji miligramu 16 kwa siku nzima, yeye amepiga 1000 kwa mkupuo, tumbo tupu. Niasini ikiingia nyingi namna hii, ngozi inatoa kemikali za kupanua mishipa ya damu, damu yote inakuja juu. Itaondoka yenyewe kwa saa moja au zaidi kidogo. Mpeni maji ya baridi. Na huo ubani uondoeni."

"Alikuwa anaumwa?" mama mkwe akauliza nyuma ya pazia.

"Chunusi."

Kimya. Nilisikia kicheko kimoja kikibanwa nyuma ya pazia, na nilikijua ni cha nani. Nilikuwa nakwenda kukiolea.

Shemeji hakukomea hapo, watu wa afya wakipata hadhira! Akaeleza kwamba B3 ziko mbili. Inayotumika kwa chunusi ni nikotinamidi, tena mara nyingi ni ya kupaka, na haimwashi mtu moto. Hii ya kopo ni asidi ya nikotiniki, ambayo kwa vipimo vikubwa madaktari waliwapa wenye lehemu nyingi kwenye damu, chini ya uangalizi, maana ukiendelea nayo kienyeji inaweza kukuharibu ini. Akauliza kama na vitamini A nimeshazijaribu. Nikataja mafuta ya ini la samaki, akafumba macho kidogo.

Bibi alikuwa amesikia neno moja tu. "Nikotini? Si tumbaku hiyo? Mimi nanusa ugoro tangu sijavunja ungo, mbona siwaki?"

Msimcheke bibi. Wamarekani wenyewe miaka ya 1940 waliitafutia ile asidi jina la niasini kwa sababu hiyo hiyo, watu walikuwa wanadhani wanatiliwa tumbaku kwenye unga wa mkate. Shemeji akajaribu kumweleza, akashindwa, bibi akabaki na imani yake kwamba mume mtarajiwa anakula ugoro kwa vidonge.

Baba mkwe akakohoa. "Basi kumbe," akasema polepole, "haya zenyewe ni za kidonge."

Sebule ilivunjika. Baba Mdogo aliangua kicheko akasahau kwamba yuko upande wangu. Mimi nikabebwa, mkeka na khanga yangu, nikawekwa mbele ya feni ya bibi, ambayo ilielekezwa kwangu kwa mara ya kwanza katika historia ya nyumba ile. Muwasho ulichukua muda wake wote kuondoka, haukusamehe hata dakika. Uso ukarudi rangi yake. Chunusi ya pua haikutikisika, na katika picha za siku ile ndiyo iliyotoka vizuri kuliko sisi wote.

Baada ya pilau na samaki wa kupaka, ikaja kahawa na kashata, na ikaja karatasi ya mahari. Baba Mdogo alifanya kazi yake. Kilemba cha babu kikashuka bei, mkaja wa mama ukazungumzwa mpaka ukawa wa kibinadamu, shangazi akaondoa faini mbili kwa vigelegele tu. Kisha baba mkwe akasoma kipengele cha mwisho, kilichoongezwa kwa kalamu tofauti: feni moja, ya bibi.

Baba Mdogo akasimama. "Wazee wangu, nimeposa Tanga, Pangani mpaka Lushoto. Feni haimo katika mila."

"Wala mkwe wa kuwaka hamo," bibi akajibu, huku anafungua ugoro wake. "Andika ya kusimama. Yenye spidi tatu."

Ikaandikwa.