Bilioni ya Mwanza ibaki Mwanza

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye kikao cha harusi, Nyakato, hapa Mwanza. Mhazini alichelewa, soda zikaisha, na kama ilivyo kawaida ya vikao vyetu maongezi yakahamia kwenye pesa. Kijana mmoja akatoa simu, akatuonyesha tangazo la bahati nasibu, akauliza: ukiamka kesho una bilioni moja, unaanza na nini?

Majibu yalikuja haraka. Ningehamia Mbezi Beach. Ningehamia Dodoma, viwanja vinapanda. Mimi ningeondoka kabisa, Kanada. Mwingine akasema, "Mwanza mngenisikia redioni tu," akapigiwa makofi. Zamu ikamfikia shangazi wa bwana harusi, mama wa Igombe ambaye ameanika dagaa tangu wengi wetu hatujazaliwa. Akasema: "Ningeweka vichanja mwalo mzima, na mahali pa kuanikia mvua ikinyesha." Yaani meza za fito za kuanikia dagaa, pale mashua zinapoteremsha samaki.

Walimcheka. Mmoja akamwambia, "Shangazi, tumesema bilioni, siyo laki!"

Hasira yangu haijapoa. Kati ya watu wote waliokuwa pale, yeye peke yake ndiye aliyejibu kama mtu aliyewahi kushika pesa ya biashara na kuona inapovujia. Wengine walitaja mahali pa kukimbilia. Na hawa si wageni. Ni watu niliokua nao Igogo na Kirumba, tuliosomeshwa kwa pesa ya samaki, tukavaa sare za shule zilizonunuliwa kwa sangara na dagaa. Leo bilioni ikitajwa, kitu cha kwanza wanachokiona ni mlango wa ndege.

Ziwa hili letu, Victoria, halijawahi kukosa mabilioni. Tangu viwanda vya minofu vilipoanza kufanya kazi mwanzoni mwa miaka ya 1990, sangara wa hapa wanaliwa Ulaya. Mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa sangara, yanakwenda China. Dagaa wanapakiwa kwenye soko la Mwaloni Kirumba kwa magunia, wanavuka kwenda Kongo, Rwanda na Burundi. Tanzania peke yake ina asilimia 51 ya ziwa zima. Sensa ya 2022 iliupa mkoa wetu watu zaidi ya milioni 3.6, wa pili baada ya Dar es Salaam. Daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na yeyote aliyewahi kukaa foleni ya kivuko pale akiwa na mgonjwa kwenye gari anajua maana yake. Watu tunao, samaki tunao, njia sasa tunazo. Pesa ndiyo haikai. Inaingia alfajiri mashua zinapotia nanga, na jua likizama imeshaondoka: imelipia injini iliyotoka nje, nyavu zilizotoka nje, deni la tajiri, na faida iliyobaki imekwenda kumwagiwa zege mkoa mwingine. Sasa siku Mungu akimwangushia mmoja wetu bilioni ambayo haina deni la mtu, nayo pia ihame?

Nirudi kwa dagaa, maana pale kwenye kikao hakuna aliyemuuliza yule shangazi hata swali moja la pili.

Dagaa anavuliwa usiku wa giza. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi taa za sola nyingi. Mbalamwezi ikiwaka kambi inapumzika. Kwa hiyo mama anayeanika hana mwezi mzima wa kazi, ana zile siku za giza tu. Mashua zikirudi alfajiri ananunua kwa ndoo, taslimu au kwa kuaminiana, na tangu hapo anashindana na saa. Dagaa ni mdogo na ana mafuta, haraka anaharibika. Anamwagwa juu ya mchanga au juu ya mawe, anageuzwa, anafukuziwa kunguru na yangeyange. Jua likiwa kali, jioni amekauka. Kisha anafagiliwa pamoja na mchanga, anaingia kwenye gunia. Kila mtu mjini hapa amewahi kutafuna ule mchanga, na mnunuzi kutoka Kongo anaujua vizuri kuliko sisi, kwa sababu ndio anaoutumia kushusha bei.

Halafu mvua. Vuli inaanza Oktoba, masika yanakuja Machi. Wingu moja saa nne asubuhi linatosha. Dagaa aliyelowa akiwa nusu mkavu anaanza kunuka, anabadilika rangi, na mama hana tena chakula cha watu mkononi. Ana chakula cha kuku. Ndoo alizozinunua kwa bei ya dagaa wa kula anaziuza kwa bei ya chakula cha mifugo. Ikinyesha siku mbili mfululizo anamwaga. Nimeona akina mama wamesimama kwenye manyunyu wameshika turubai kila mmoja pembe yake, wanajaribu kufunika eneo ambalo turubai haliwezi kulifunika. Mtaji wa mwezi unaoza mbele ya macho yao, na mkopo bado unadaiwa.

Na mkopo huo mnaujua. Benki inataka hati ya nyumba. Yeye nyumba ni ya ukoo, hati hakuna. Anakwenda kwa watu wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa, wanachukua kitambulisho, wanachukua na televisheni, na rejesho ni kila wiki, mvua inyeshe isinyeshe. Mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ipo, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za wenye ulemavu, na nakubali imewatoa baadhi ya vikundi. Lakini 2023 ilisimamishwa mpaka ikarejeshwa mwaka uliofuata, na dagaa hawakusimama kuisubiri.

Kichanja ni nini basi, mpaka mtu wa bilioni acheke? Ni nguzo, fito na wavu, kimo cha kiuno. Dagaa anapata hewa chini na juu, anakauka upesi, hashiki mchanga, na mvua ikitishia unavuta nailoni juu yake kwa dakika chache badala ya kukusanya kila kitu kwa ufagio. Ukiongeza kibanda cha nailoni ngumu kinachokamata joto la jua, unakausha hata siku ya mawingu. Dagaa yuleyule, kutoka maji yaleyale, anatoka kwenye daraja la chakula cha kuku anaingia kwenye daraja la kufungashwa na kuwekwa dukani. Hakuna teknolojia ngumu hapo. Kinachokosekana ni mtu mwenye pesa isiyodaiwa kila Ijumaa, anayeweza kufunika mwalo mzima kwa mara moja na kusubiri misimu miwili airudishe. Mtu wa namna hiyo Igombe hayupo. Bilioni ya bahati nasibu ndiyo ingemzaa, na shangazi yule aliliona hilo kabla mhazini hajafika.

Barafu ni hadithi hiyohiyo kwa upande wa sangara. Mvuvi wa visiwani asiye na barafu anauza kwa bei atakayotajiwa, kwa sababu kila saa inayopita samaki wake anashuka thamani na yeye anaijua saa hiyo vizuri kama anavyoijua anayemnunulia. Wakala anakuja na mashua yenye barafu, mara nyingi ndiye pia aliyekopesha nyavu, na mazungumzo ya bei yanaishia hapo. Mwenye barafu ndiye mwenye bei. Mashine ya barafu kwenye kisiwa kimoja tu cha Ukerewe, yenye umeme wa uhakika na inayomuuzia kila mtu, ingebadilisha maongezi ya asubuhi ya mialo yote ya jirani. Hilo nalo hakulitaja mtu.

Mtaniambia hakuna binadamu anayeota mashine ya barafu akishinda bilioni. Juni 2020 Saniniu Laizer, mchimbaji wa Mirerani, aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanite kwa shilingi bilioni 7.74. Ile ilikuwa jasho zaidi kuliko bahati nasibu, sawa, lakini pesa ilimjia kwa siku moja, nchi nzima ikimtazama, na Rais John Magufuli akimpigia simu. Waandishi walipomuuliza atafanya nini, alisema atachinja ng'ombe watu wafurahi, atajenga jengo la biashara, na atajenga shule karibu na nyumbani kwake kwa sababu majirani wengi hawawezi kuwapeleka watoto mbali. Akasema maisha yake hayatabadilika, ataendelea na ng'ombe wake. Kwa mtu ambaye mwenyewe hakusoma, jambo la kwanza kulitazama lilikuwa pale anapoishi. Sisi wenye vyeti kwenye kikao cha Nyakato tulitaja Kanada.

Sasa, sikatai kila kitu. Nyumba ya mama ijengwe. Mtu akishinda na mama yake bado yuko chini ya bati linalovuja Mabatini, aanze hapo na asimsikilize mtu, hata mimi. Mwenye mgonjwa amtibishe, na kama hospitali ya Bugando wamesema tiba yake iko nje, aende. Mtoto anayetaka kusoma mbali asome mbali. Na pesa ni ya aliyeshinda. Siwezi kumkamata mtu mkono asinunue kiwanja Dodoma. Nakubali hayo yote, ila kwa shingo upande, kwa sababu najua jinsi "nianze na kanyumba" inavyokula bilioni nzima: inaanza nyumba, inafuata geti, inafuata gari linalofanana na geti, na mwaka wa tatu mtu anauza gari.

Anayeogopa biashara naye ana pa kuanzia. Weka nusu kwenye hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali nayo inakulipa riba. Milioni 500 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka ni milioni 60, unalipwa mara mbili kwa mwaka, mtaji wako haujaguswa. Hiyo ni milioni tano kwa mwezi ukiwa umekaa Pasiansi unakula sato. Ndugu watakaokuja, na watakuja, wapewe kutoka kwenye riba, kamwe wasipewe kutoka kwenye mtaji. Nusu nyingine ndiyo ninayoigombania ibaki mwaloni.

Kuhusu kubeti kwenyewe nitasema kidogo tu, maana vijana wa bodaboda wameshachoka kuhubiriwa. Jackpoti ya mechi 13, kila mechi ikiwa na majibu matatu, ina mikeka, yaani tiketi za ubashiri, tofauti 1,594,323. Wewe una mmoja. Ukiweka buku kila siku, mwaka ni 365,000, na shangazi wa Igombe angekuonyesha kichanja unachoweza kujenga kwa pesa hiyo.

Na ukishinda, funga mdomo. Jack Whittaker wa West Virginia, Marekani, alishinda dola milioni 314.9 Desemba 2002, akiwa tayari mkandarasi tajiri, dunia nzima ikamwona kwenye televisheni. Mwaka uliofuata aliibiwa zaidi ya dola laki tano kutoka kwenye gari lake, na kesi hazikumwacha. Bila yule kujitangaza, sijui kama wezi wangelijua gari lake.

Kuna rafiki yangu aliyeyasikia haya yote akaniambia, "Kaka, unataka mshindi awe mfadhili." Hapana, na hapa ndipo tunapogombana. Misaada tumeiona mialoni. Inakuja na kibao, inazinduliwa na mgeni rasmi, na mwaka ukiisha mashine imekufa kwa kukosa kipuri kwa sababu haikuwa na mwenyewe. Mimi nataka mwenye bilioni awe mfanyabiashara anayelala akiwaza barafu yake. Vichanja avikodishe kwa ndoo, mama alipe baada ya kuuza, siyo kila Ijumaa. Dagaa waliokauka vizuri awanunue yeye mwenyewe kwa bei ya juu kidogo ya ile ya Mwaloni, afungashe, aandike Igombe kwenye pakiti, apeleke Dar, Dodoma, na hata huko Kanada wanakokutaja. Aajiri fundi wa mashine kutoka chuo cha ufundi cha VETA, mtoto wa hapahapa, amlipe mshahara wa mwezi. Bei ya barafu iandikwe mlangoni kwa rangi, iwe moja kwa mwenye mashua kumi na kwa mwenye mtumbwi wa kukodi. Akipata faida, na ataipata, ajenge hiyo ghorofa yake. Capripoint, hapahapa mjini, bado kuna viwanja.