Kwenye Baridi Kali, Choo cha Kempa Kiache Kikavu

Kila ukifika mwezi wa Novemba kuna mtu hunipigia simu na kuniuliza swali lile lile kwa kuzungukazunguka: "Sasa kaka, mkiwa kule ziwani na lile gari lenu, mambo mengine yale mnayafanyaje?" Anataka kujua tunajisaidia wapi. Jibu langu ni moja: kwenye ndoo. Hucheka akidhani namtania, kwa sababu choo cha kempa yetu, hiyo nyumba ya magurudumu tunayosafiria, ameshakiona, cheupe, cha kuvuta maji, kina mlango wake na taa yake.

Tunaishi Minnesota, Marekani. Tarehe 2 Februari 1996, karibu na mji mdogo wa Tower, kipimo cha joto kilishuka hadi nyuzi 51 za Selsiasi chini ya sifuri. Sisi hatujayaona hayo, lakini usiku wa nyuzi 25 chini ya sifuri mwezi wa Januari haumshangazi mtu hapa. Na wakati huohuo ndipo watu huvuta nyumba zao za magurudumu hadi juu ya ziwa lililoganda, Mille Lacs na mengineyo, wakatoboa barafu na kukaa kuvua. Mimi mtoto wa Kibokoni, Mombasa, bahari niliyoijua ni ile inayotikisika, niliapa sitakanyaga. Nikakanyaga. Samaki ni samaki.

Msimu wa kwanza tulikitumia choo kama cha nyumbani. Ukikanyaga pedali, kifuniko kinafunguka na kila kitu kinaangukia tangi lililo chini ya sakafu. Tangi likijaa unakwenda kituo cha kumwagia, unavuta vali, mzigo unatoka kwa bomba pana. Majira ya joto ni raha tupu. Ila tangi lile linaning'inia nje, na ndani ya gari ukiwa umevaa fulana na hita inaunguruma, huna habari kwamba sentimita chache chini ya nyayo zako ni friza.

Siku ya tatu nilivuta vali, haikusogea. Nikavuta kwa nguvu za mwanamume, mkono wa vali ukanibakia kiganjani. Tukarudi nyumbani na jabali la barafu, na barafu ya nini sina haja ya kueleza. Lilikaa uani mwetu hadi mwisho wa Machi. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9, na plastiki ya bomba haina subira hiyo. Ubaya wake ni kwamba ufa hauuoni wakati wa baridi, kwa kuwa barafu yenyewe ndiyo kizibo. Unauona jua likitoka. Jirani yetu, mzee wa hapahapa, alitoka na koleo lake, akatazama, akarudi ndani bila kusema neno. Mpaka leo hajasema.

Tangu hapo msimamo wangu haujabadilika: kukiwa na baridi ya kugandisha mchana na usiku, choo cha maji cha kempa kifungwe, kitolewe maji yote, kiachwe hivyo mpaka machipuko. Najua wapo watakaosema gari lao limeandikwa kuwa ni la misimu minne. Kibandiko ni maneno ya muuzaji. Muulize kama tangi limefunikwa chini, kama hewa ya moto ya hita inalifikia, na kama vali na bomba la kutolea navyo vimo ndani ya joto hilo. Wengi watakujibu kuhusu tangi na kunyamaza kuhusu vali, na vali ndiyo huganda kwanza.

Halafu kuna antifrizi, dawa ya kuzuia maji yasigande, ambayo watu wanaiamini kama hirizi. Ile ya waridi iliyotengenezwa kwa ajili ya mabomba ya kempa ni sawa kwa kulinda choo kilicholala. Lakini ile namba kubwa kwenye galoni, nyuzi 50 za Fahrenheit chini ya sifuri, ni ya kuzuia bomba lisipasuke. Uji wa barafu huanza kujitengeneza mapema zaidi ya hapo. Na kila anayejisaidia juu yake anaizimua. Familia ya watu watano itaimaliza nguvu kwa siku moja. Na kwa jina la Mungu usichukue antifrizi ya injini ya gari. Ile ya kawaida ina ethilini glaikoli, ni sumu, na ina utamu unaowavuta watoto na wanyama.

Sasa ndoo. Ndoo ngumu ya lita 20 yenye mfuniko wa kukaza, kiti cha plastiki cha kubana juu yake, mifuko miwili mmoja ndani ya mwingine. Chini unanyunyiza maranda ya mbao, au ule unga unaonyonya maji na kuwa kama jeli, ndugu wa ule uliomo ndani ya pampasi. Kila mtu akimaliza, ananyunyiza tena. Haja ndogo tunaitenga kadiri tunavyoweza, katika dumu lenye mdomo mpana, kwa sababu majimaji ndiyo yanayoleta harufu, uzito na barafu. Bibi yangu alikuwa na ndoo ya usiku chini ya kitanda, nasi wajukuu tulikuwa tukimcheka. Haya.

Mfuko ukijaa unafungwa, unarudi mjini nasi. Usiuache juu ya barafu hata kwa saa moja. Tangu 2023 sheria ya Minnesota inakataza kuacha takataka na kinyesi juu ya ziwa lililoganda, na faini yake ni dola 100, nami naona ni ndogo. Barafu inakudanganya kwamba ni nchi kavu. Ikiyeyuka, mzigo wako unaelea kwenye maji uliyovulia kitoweo.

Kwetu sisi tuliozoea kopo la maji kuna shida nyingine ambayo wenyeji hawaijui. Karatasi peke yake haituingii akilini. Lakini maji yakimwagika karibu na ndoo yanajaza mifuko, na kwenye sakafu baridi karibu na mlango yanakuwa kioo. Shemeji yangu aliteleza hapo akaumia nyonga. Wahenga walishasema kuchamba kwingi ni kuondoka na mavi. Sisi tunaanza kwa karatasi, kisha maji kidogo ya vuguvugu kutoka kwenye themosi, kidogo kweli, kisha karatasi tena. Mwenye kukosa maji kabisa, dini ilishampa nafasi ya kujisafisha kwa vitu vikavu kabla hatujazaliwa.

Kuhusu kuyeyusha choo kilichokwisha ganda nitasema machache, kwa kuwa hapo ndipo watu hufa. Usiwashe moto wa gesi chini ya gari. Usimwage maji yanayochemka, plastiki iliyoganda inapasuka. Na usiingize jiko la makaa ndani ili "kupasha msala joto". Kwetu kila msimu wa baridi tunasikia habari za watu waliolala na jiko wasiamke. Kaboni monoksidi, ile gesi ya sumu itokayo kwenye makaa, haijali kama chumba kina magurudumu. Kengele ya kuitambua gesi hiyo iwemo ndani na betri yake iwe nzima. Kempa yenyewe ipelekwe penye joto, gereji ikiwezekana, choo kiyeyuke taratibu. Mashine ya kukaushia nywele inafaa kwa vali, ukiwa na saa mbili na uvumilivu.

Themosi tunazo mbili, zinafanana, tulizinunua siku moja. Ya chai ina utepe mwekundu shingoni. Mwaka jana mgeni wetu alijimiminia kutoka kwenye ile isiyo na utepe, akatia majani na sukari, akanywa, akasifu. Maji yalikuwa safi, yalitoka birika lile lile. Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza, nikanyamaza.