Tuache kufundisha “pass ni kupita”

Katika madaftari mengi ya Kiingereza, vitenzi vya wakati hupangwa safu mbili: huku “pass”, kule kupita, “spend”, kutumia, “take”, kuchukua, “last”, kudumu, “elapse”, kupita tena. Ukikagua mstari mmoja mmoja huoni kosa. Kosa huja mwanafunzi anapoanza kutunga sentensi, kwa sababu orodha hiyo haikumwambia mambo mawili: nani anakaa mahali pa kiima, na neno la aina gani linafuata nyuma ya kitenzi. Kwa maoni yangu hayo mawili yaanze, maana ije baadaye. Maana yenyewe mwanafunzi anaweza kuibahatisha. Muundo haubahatishwi.

Kiima cha vitenzi hivi mara nyingi ni kimoja kati ya vitatu: wakati wenyewe, mtu, au shughuli. Wakati hu-“pass”, hu-“elapse”, hu-“fly”. Mtu hu-“spend”, hu-“waste”, hu-“kill”. Shughuli hu-“take” au hu-“last”. Mwalimu akiandika ubaoni safu tatu za namna hiyo badala ya mbili za tafsiri, kazi kubwa itakuwa imefanyika.

Tuanze na “take”, maana ndicho kinachotumika kila siku na ndicho kinachowasumbua wengi. Sentensi yake ya kawaida ina vipande vitano: “It / took / me / three hours / to reach Morogoro.” Wengi hukwama kwenye ile “it”, wakidhani ni kitu kigeni kisichokuwa na mwenzake kwetu. Mwenzake yupo. Tazama neno letu moja: ilinichukua. I- ya mwanzo ndiyo “it”, -li- ni wakati uliopita, -ni- ndiyo “me”, -chukua ndiyo “take”. “Ilinichukua saa tatu kufika Morogoro” inaingia kwenye Kiingereza kipande kwa kipande, na hata mpangilio wa saa tatu na kufika haubadiliki. Nashangaa daraja hili halitumiwi zaidi darasani.

Kinachoharibika hapa ni mambo mawili. La kwanza ni kuchomeka “for” mbele ya muda: “It took me for three hours.” Kwa “take”, “for” haikai mbele ya saa, inaweza kukaa mbele ya mtu: “It took three hours for me to reach Morogoro.” La pili ni kusema “I took three hours to reach Morogoro.” Kisarufi inasimama, lakini inamfanya mtu awe mwenye mwendo, kana kwamba yeye ndiye aliyejikokota. Kama aliyechelewesha ni foleni ya Kibaha, rudisha “it”.

Sasa “spend”. Kiima ni mtu, kisha muda, kisha kitenzi chenye “-ing”: “I spent two hours waiting.” Makosa ya “I spent two hours to wait” yana chanzo kinachojulikana. Sisi tunasema nilitumia saa mbili kusubiri, na ku- tumezoea kuigeuza kuwa “to”. Kwa “take” mazoea hayo yanatusaidia, kwa “spend” yanatuangusha. “Waste” hufuata njia hiyohiyo: “She wasted the whole morning looking for the key.” Ikiwa kinachofuata ni nomino, weka “on”: “an hour on homework”.

Weka sentensi mbili pamoja uone tofauti ambayo tafsiri ya neno kwa neno huificha. “It took me two hours to write the letter”: barua imekwisha. “I spent two hours writing the letter”: saa mbili zimekwenda, barua huenda bado iko nusu. Anayeandika ripoti ya kazi asichanganye hizi mbili, kwa sababu msomaji wake ataelewa kwamba kazi imekamilika wakati haijakamilika.

“Spend”, “save” na “waste” ni vitenzi vya pesa vilivyohamia kwenye wakati. Benjamin Franklin alipowaambia vijana wafanyabiashara mwaka 1748 kwamba wakati ni pesa, lugha yake ilikuwa tayari inasema hivyo. Kiswahili kina njia nyingine, na hapa watafsiri wanaotoka Kiingereza kuja kwetu hunisikitisha. “She spent the day on the farm” si “alitumia siku yake shambani”. Alishinda shambani. “They spent the night awake at the funeral” ni walikesha msibani. “We spent the night in Dodoma” ni tulilala Dodoma, hata kama hakuna aliyepata usingizi. Kitenzi kimoja chetu kinabeba muda na tendo pamoja, na kukiacha ni kuitupa mali yetu wenyewe. Ukienda upande wa pili, kumbuka kwamba “we slept in Dodoma” humfanya Mwingereza afikirie usingizi kuliko kituo cha safari.

“Last” na “take” hutenganishwa na swali moja: je, kuna kazi inayoelekea kukamilika? Maharage jikoni “take two hours to cook”. Ukisema “the beans lasted two weeks”, umesema gunia lilitutosha wiki mbili. Mtungi wa gesi “lasts a month”. Mkutano “lasts two hours”.

Kwa “pass”, angalia “the”. Wakati ukiwa kiima hauhitaji: “Time passed.” Mtu akiwa kiima, inarudi: “We passed the time playing bao.” “Kill time” haina “the”, na hufaa zaidi pale unapongoja jambo linalojulikana, kama basi la saa nne. Tahajia nayo: “two years have passed”, lakini “the past two years”. Na dakika zikihesabiwa kama zinazopita moja baada ya nyingine huchukua wingi, “ten minutes have passed”. Zikichukuliwa kama kipimo kimoja huchukua umoja, “ten minutes is enough”.

“Elapse” ni neno la barua rasmi na mikataba. Halina yambwa, yaani kitu kinachotendwa, wala halitumiki katika kauli ya kutendwa, hivyo “thirty days were elapsed” ni kosa. Andika “thirty days have elapsed since the notice was issued”. Usilichanganye na “lapse”: siku hu-“elapse”, bima isiyolipiwa hu-“lapse”, yaani hukoma.

Vitenzi vya mwendo ni rahisi, ila vina hisia ndani yake. “Fly” huzaa “flew” na “flown”, kamwe si “flied”. “Drag on”, yaani kujikokota, ni lawama; usiiandike kwenye muhtasari wa kikao kama huna nia ya kulaumu. “Wear on”, yaani kusonga taratibu, ni ya masimulizi, hupenda mchana, usiku au majira: “as the night wore on”. Kuyoyoma kwetu hakulingani na “fly”, kwa kuwa kinachoyoyoma hufifia kidogo kidogo. “Slip away” iko karibu zaidi.

Imebaki mwisho wa muda. Msimamizi wa mtihani anayesema “time is finished” ametafsiri muda umekwisha. Kiingereza husema “time's up”. Dakika tano kabla, “time is running out”, au mtu akiwa kiima, “you are running out of time”. Na “time has reached”, tuliyoizoea Afrika Mashariki, tunaelewana nayo vizuri sisi kwa sisi, lakini ndani ya barua ya kazi itakupunguzia heshima. “Reach” hapa hudai kinachofikiwa kitajwe baada yake. Wakati ulipowadia, andika “the time has come”.