Popo Wangu wa Darini kwa Mama Mkwe

Kwetu Uluhyani mwanamume hamsalimu mama mkwe wake kwa mkono, sembuse kuingia chumbani mwake. Mimi niliingia. Tena kwa kupitia darini.

Popo wa nyumbani, wale wenye tumbo la rangi ya bizari wanaojibanza chini ya mabati, ndio kazi yangu. Ukiwatazama kwa macho utaapa ni walewale. Lakini vinasaba vya popo hawa wa Kenya, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, vilifichua koo kadhaa zilizojificha humo, na nyingine hazikuwa hata na jina. Wenzangu wanakesha msitu wa Kakamega na nyavu, mbu wakiwala. Mimi nilikuwa sebuleni kwa wakwe, chai mkononi, nikasikia mchakarisho juu ya kichwa.

Ungefanyaje? Nilimwomba shemeji ngazi.

Nikavaa glovu nene, maana popo huuma na kichaa cha mbwa si mchezo. Darini sheria ni moja: kanyaga mbao, usikanyage silingi. Naijua vizuri. Popo hawaijui. Mmoja alinijia usoni, mguu ukatafuta ubao na kukosa.

Nilishuka na kipande cha silingi, vinyesi vya popo vya tangu enzi za Moi na kiatu kimoja, hadi kitandani. Pembeni, Mama alikuwa ameketi akijipaka mafuta miguuni. Hatukusalimiana. Yeye alijifunika leso, mimi nikajifunika wavu. Nyumba ikawa kimya, kisha shemeji akaita kutoka juu: “Umempata?”

Wazee wakaketi jioni hiyohiyo. Kondoo mmoja, blanketi moja, silingi mpya. Mzee mmoja akauliza popo huyo ni wa ukoo gani. Nikafurahi, hatimaye mpenda sayansi! Nikaanza kueleza jinsi tunavyopima mkono wa popo na kuchukua kipande cha ngozi ya bawa cha milimita 3, na kwamba tundu huziba lenyewe. Mke wangu akanikanyaga. Kumbe mzee alitaka kujua nani amenituma.

Tulipokuwa tunaondoka, mtoto wa shemeji akaja mbio na sufuria iliyofunikwa sahani. Ndani kitu kinakwaruza.

“Nyanya anasema huyu alibaki kwa blanketi. Na chooni wako wengine, wadogo, weusi. Anasema ukiwataka, uje na kondoo kabisa.”