Kifaa cha Tan Le na haki ya mwenye kichwa

Jirani yetu mmoja hapa Malindi, mgema, alianguka kutoka mnazini miaka mingi iliyopita, na tangu siku hiyo hana nguvu kuanzia shingoni kwenda chini. Akitaka redio ibadilishwe, humwita mjukuu. Ni yeye ninayemfikiria ninapoipima kazi ya Tan Le.

Tan Le alikuwa na miaka minne alipoikimbia Vietnam kwa mashua pamoja na mama, nyanya na dada yake, safari ambayo watu wa pwani hawahitaji kuelezwa uzito wake. Alilelewa Australia, akasomea sheria, na mwaka 1998 akatunukiwa heshima ya Kijana Bora wa nchi hiyo, kisha akashiriki kuanzisha kampuni ya Emotiv. Mawimbi ya ubongo wa binadamu yalikuwa yakipimwa tangu 1924, alipoyanasa Mjerumani Hans Berger, lakini vipimo hivyo vilibaki hospitalini na maabarani. Mwaka 2009 Emotiv iliuza kifaa cha kuvaa kichwani chenye vihisio 14 vya kunasa mawimbi hayo, kwa dola 299. Mwaka 2017 Mbrazil Rodrigo Hübner Mendes, aliyepooza mikono na miguu, aliendesha gari la mashindano kwa amri za ubongo wake, akitumia kifaa hicho.

Hata hivyo kifaa hakisomi mawazo kama tusomavyo barua. Umeme kinachounasa ni sehemu za milioni za volti, kiasi kwamba kuuma meno tu kunauvuruga, na vipande vyake vya sufi vilivyoloweshwa maji ya chumvi sharti viguse ngozi ya kichwa, jambo gumu kwa mtu mwenye nywele za kipilipili au aliyesuka.

Lakini kasoro hiyo ni ya mafundi, nao wataitatua. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba kipimo kilipotoka hospitalini kiliiacha nyuma siri ya daktari. Nchini Chile, aliyekuwa seneta Guido Girardi alinunua kifaa cha Emotiv, akakuta kumbukumbu za ubongo wake zimehifadhiwa na kampuni. Kampuni ilijitetea kwamba alikubali masharti na kwamba data huondolewa majina, lakini Agosti 2023 Mahakama ya Juu iliamuru zifutwe. Mwezi huohuo serikali yetu ilisimamisha mradi wa Worldcoin, baada ya watu kupanga foleni Nairobi wapigwe picha za mboni za macho kwa ahadi ya sarafu za kidijitali. Mhitaji hukubali masharti asiyoyasoma, na hiyo kwangu si ridhaa.

Wapo watakaosema kwamba masharti makali yatamfukuza mwekezaji na kumwacha mgonjwa mikono mitupu. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa bila data nyingi mashine haijifunzi, na vichwa vyetu visipopimwa, vifaa vitaendelea kutengenezwa kwa vichwa vya wengine. Basi anayetaka kuchangia aombwe, kwa lugha anayoielewa, baada ya kupewa huduma na si kabla. Sheria yetu ya Kulinda Data ya mwaka 2019 ingefaa iutaje ubongo waziwazi. Kwa mgema wetu hakuna kitakachopungua, kwani amri ya kuwasha redio iliyo hatua tatu kutoka kitandani pake haina haja ya kwanza kusafiri hadi kwa kampuni huko Marekani.