Kikombe Kisicho na Alama Hakirudi Nyumbani

Jioni ya kuanua matanga, wageni wakishaondoka na vijana wakiwa wanakunja turubai, akina mama wa mtaa wetu huku Nyakato hukaa kuzunguka mabeseni kutenganisha vyombo. Kila nyumba ilitoa vyake. Sufuria lenye doa la rangi ya kucha chini ya ukingo ni la nyumba ya kona. Sahani zenye msalaba wa bluu ni za jumuiya. Kasheshe huanza kwenye vikombe vya udongo, vile vyeupe ambavyo kila mtu kanunua kwa dazeni kwenye maduka yaleyale ya mjini. Mwaka juzi nilipeleka kumi na viwili, nikarudi na tisa, na katika hao tisa wawili walikuwa wageni, mmoja ana ufa.

Hapo ndipo nilipoanza kuchora vyombo. Wala sikusukumwa na sanaa.

Nasema hivi kwa sababu uchoraji wa vikombe umekuwa biashara ya kina dada wengi wa hapa Mwanza, na sina ugomvi na mtu kutafuta riziki. Ugomvi wangu ni na maua. Ukifungua simu unaona waridi lilelile, kipepeo yuleyule na maandishi ya kuzungusha yaliyonakiliwa kutoka picha moja. Kikombe kinapendeza, lakini ukikiweka kwenye beseni la msibani kinapotea kama kile cheupe, maana jirani naye anacho cha waridi. Rangi ya kucha ya mama wa kona ina akili kuliko hayo maua yote. Inasema chombo hiki ni cha nani.

La pili linaniuma zaidi. Nilimnunulia rafiki yangu kikombe chenye jina lake, kwa bei ambayo ningepata sato wawili wa maana pale soko la samaki la Mwaloni. Alikiosha mara moja. Herufi mbili za mwanzo zikabaki kwenye sponji. Aliyeniuzia alitumia makapeni ya kawaida, ile ya kuandikia maboksi, na hakuniambia neno.

Kwa nini inatoka? Uso wa kikombe ni kama kioo, hauna vinyweleo vya kunyonya wino. Wachina waliochora vyombo vya buluu na nyeupe walipaka rangi kwanza, wakafunika kwa hicho kioo, kisha wakachoma kwenye tanuru la nyuzi zaidi ya 1,200, ndiyo maana bluu yao unaiosha karne na karne haiguswi. Sisi tunachora juu ya chombo kilichokwisha kuchomwa. Rangi yetu imepanda mgongoni tu, na kinachoifanya ing'ang'anie ni moto mdogo wa oveni. (Kauri, kwa njia, ni jina la chombo hiki na pia la yule kombe wa baharini anayeng'aa. Wataliano nao wamelitoa jina lao la kauri kwa kombe huyohuyo.)

Basi ukitaka kuchora, tafuta kalamu zilizoandikwa kuwa ni za kauri na zinachomwa. Za kwangu zinataka zikauke saa 24, kisha nyuzi 150 kwa dakika 35. Nyingine zinataka 160, kwa hiyo soma boksi lako, usinisikilize mimi. Kabla ya kuchora, osha kikombe, kikauke, halafu kipanguse kwa pamba yenye spiriti ya duka la dawa na usikiguse tena kwa vidole. Mafuta ya kidole kimoja yanatosha kuikataa rangi. Itikise kalamu, uigandamize kwanza kwenye karatasi mpaka wino ushuke, maana ukianzia kikombeni itakutemea tone. Ukikosea, kijiti cha pamba na spiriti vinafuta kila kitu, mradi hujachoma.

Kuchoma ndiko mtihani, maana oveni wanazo wachache. Mimi nilijaribu ujanja wa keki ya sufuria: mchanga chini, mkaa chini, mkaa juu ya mfuniko. Keki inaiva vizuri sana hivyo. Kikombe changu kilitoka na njano iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa, na mkono wake ukabaki kwenye mchanga. Nikaenda kwa jirani anayeoka keki za oda. Ana oveni ya umeme ya mezani na kipimajoto kidogo anachokining'iniza ndani, kwa sababu haamini namba za kwenye kitufe.

"Mwangaluka, dada. Naomba nichomee vikombe vinne."

"Vikombe?" Akanitazama kama nimemletea tofali. "Keki ya mteja ikinuka rangi utamlipa wewe."

Tukakubaliana niingize baada ya oda zake, mchana, oveni ikishapoa kabisa, na milango ya nyumba ikae wazi. Hilo la kupoa lilikuwa sharti lake, ila ndilo linalotakiwa: kikombe kinaingia oveni ikiwa baridi, kinapanda moto pamoja nayo, unaanza kuhesabu dakika nyuzi 150 zikifika, kisha unazima na kukiacha humohumo kipoe. Ukikitoa cha moto ukakiweka kwenye sinki lenye maji, umevuna vigae.

Na jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi: michoro ikae nje, mbali na mdomo wa kikombe, vidole viwili hivi kutoka ukingoni. Ndani usichore. Sahani ya kulia wali chora pembezoni au mgongoni, katikati paache peupe. Uliyeuza sahani iliyojaa rangi hadi katikati, mwambie mnunuzi ni ya kutundika ukutani. Stiliwaya pia isikaribie, hata kwa kilichochomwa.

Nilichochora mimi? Marehemu bibi yangu wa Magu alikuwa na mtungi wa maji wenye mistari mifupi iliyolala upande shingoni, iliyokandamizwa kwa kamba udongo ukiwa mbichi. Ningeutambua gizani kwa kupapasa. Mistari hiyo ndiyo nimeizungusha chini ya vikombe vyangu vyote, na juu yake nikaweka samaki mmoja. Nilikusudia sato. Ila mkono wangu ulinyoosha mwili mno, na pezi la mgongoni nikalikata katikati, nikaja kugundua kikiwa kimeshatoka kwenye oveni.

Mwezi uliopita kulikuwa na msiba mtaa wa pili, nikapeleka kumi. Jioni, mama mmoja akainua kimoja juu ya beseni, akakigeuzageuza. "Hivi vya sangara ni vya nani?"

Nikasema ni vyangu, na huyo ni sato. Wakacheka mpaka mwenye msiba naye akacheka. Vikombe vimerudi vyote kumi, lakini mtaani sasa mimi ni Mama Sangara.