Sauti Haikuzwi kwa Kupiga Kelele

Limenikera mno jambo nililolishuhudia katika mazoezi ya kwaya moja, ambako mwalimu aliwakaripia waimbaji wa sauti ya kwanza (soprano, sauti ya juu kabisa) akidai nguvu, nguvu, nguvu, hadi mishipa ya shingo ikawasimama na sauti zikaanza kukwaruza. Agizo hilo linaharibu sauti za vijana wetu, na halina msingi.

Nyuzi za sauti hutoa mlio mkavu tu, kisha koo na kinywa ndivyo vinavyoamua ni masafa yapi (kasi zipi za mitikisiko ya sauti) yavume na yapi yafifie. Kwa mwanamume mzima, njia hiyo kutoka kwenye zoloto (sehemu ya koo yenye nyuzi za sauti) hadi midomoni ina urefu wa takribani sentimita 17, na umbo lake hubadilika kila ulimi, taya au midomo inaposogea. Mtafiti wa Uswidi, Johan Sundberg, alieleza mwaka 1977 jinsi mwimbaji wa opera anavyosikika bila kipaza sauti mbele ya okestra nzima: hushusha zoloto na kupanua koo, nguvu ya sauti yake ikakusanyika karibu na hezi 3,000, yaani mitikisiko 3,000 kwa sekunde, ilhali okestra huvuma zaidi karibu na hezi 500.

Kwa sauti ya kwanza mambo ni tofauti kidogo, na hapa ndipo kwaya zetu zinapoumia. Chukua neno "utukufu", ambalo watunzi hupenda kuliweka kwenye kilele cha wimbo. Irabu "u" hupata mvumo wake wa kwanza (masafa ya chini kabisa ambayo koo na kinywa huyakuza) chini ya hezi 400, lakini noti za juu za sauti hiyo hupita hezi 700. Mwimbaji akibana midomo ili "u" isikike safi, mvumo hubaki chini, noti hukosa msaada, naye hulazimika kusukuma kwa koo. Akishusha taya, mvumo hupanda kuifuata noti, na sauti hujaa ukumbi bila jasho.

Nakubali kwamba pumzi dhaifu haiokolewi na mvumo, na kwamba taarabu ina rangi yake isiyopaswa kugeuzwa kuwa opera. Hata hivyo, nawasihi walimu waruhusu "u" ya juu ielekee "o", hata kama neno litafifia kidogo, na watunzi nao wazipeleke noti za kilele kwenye "a".